Lubumbashi hadi Guangzhou: umbali wa angani, saa za safari, na kwa nini hesabu zetu hazikubaliani

Mchoraramani wa Kampemba (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na popote mlipo, nawasalimu.

Kila msimu wa maonyesho ya biashara ya Guangzhou unapokaribia, swali lilelile hurudi: kutoka hapa kwetu hadi Guangzhou ni kilomita ngapi, na safari inachukua saa ngapi? Mmoja hujibu saa 12, mwingine saa 20, wa tatu siku moja na zaidi, na kila mmoja ana uhakika kwa sababu amesafiri mwenyewe. Mimi naamini kwamba wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anahesabu kitu chake: wa kwanza anahesabu muda ambao ndege ingekaa angani kama ingeruka moja kwa moja, wa pili anahesabu tangu kupaa kwenye kiwanja chetu cha Luano hadi kutua China, na wa tatu anasoma saa ya ukutani bila kuondoa tofauti ya majira. Kwa kuwa watu hupanga fedha, hoteli na miadi ya viwandani kwa kufuata majibu hayo, naona inafaa tuyatenganishe mambo haya vizuri.

Nianze na umbali wenyewe. Ukipima juu ya tufe la dunia, kutoka kiwanja cha Luano hadi kiwanja cha Baiyun kilichoko kaskazini mwa jiji la Guangzhou, njia fupi kuliko zote ni kilomita 10,100 hivi. Mtakumbuka kutoka shuleni kwamba Wafaransa walipoianzisha mita mwishoni mwa karne ya 18, waliifanya iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Ndiyo maana robo ya mzunguko wa dunia ni takriban kilomita 10,000. Basi anayetoka Lubumbashi kwenda Guangzhou anazunguka robo nzima ya dunia na kuongeza kilomita mia moja hivi.

Njia hiyo fupi haifanani na mstari ambao mtu angeuchora kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Chukueni uzi, mwuvute juu ya tufe kutoka Lubumbashi hadi Guangzhou, nanyi mtaona unapita juu ya Tanzania, unatokea baharini karibu kabisa na Zanzibar, unavuka ikweta katika Bahari ya Hindi, unaingia India kusini na kutoka karibu na Chennai, unavuka Ghuba ya Bengal na Myanmar, kisha unapita jirani na Hanoi kabla ya kuingia China. Ramani bapa huificha njia hii kwa sababu inalazimika kuukunjua mviringo wa dunia na kuunyoosha, na katika kuunyoosha inaharibu ama umbali ama mwelekeo.

Hata hivyo, hakuna ndege ya abiria inayotoka Luano na kutua Guangzhou bila kusimama mahali. Abiria wetu hupitia mji wa kati, na kwa wengi mji huo ni Addis Ababa. Lubumbashi hadi Addis Ababa ni kilomita 2,600 hivi, na Addis Ababa hadi Guangzhou ni takriban kilomita 8,040. Jumla yake ni kilomita 10,640. Kwa maneno mengine, kupitia Ethiopia kunaongeza kilomita 540 tu, yaani asilimia tano na kidogo. Anayepitia Nairobi anaongeza pungufu ya hapo: kilomita 1,540 hadi Nairobi na 8,680 kutoka Nairobi, jumla 10,220. Kwa umbali, basi, kupitia mji wa kati hakutupotezei karibu chochote.

Kwa upande wa muda, ndege kubwa za safari ndefu husafiri kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa zikiwa juu. Ukigawanya 10,100 kwa 900 unapata saa 11 na dakika chache, nawe unaongeza kama nusu saa ya kupaa, kutua na kutambaa uwanjani. Hapo ndipo saa 12 zinapotoka. Ni hesabu sahihi ya safari ambayo haipo. Safari iliyopo ina saa 3 na dakika 45 hivi hadi Addis Ababa, saa 10 na kidogo kutoka hapo hadi Guangzhou, na katikati yake kuna kungoja. Kungoja huko ndiko kunakoamua safari yako itakuwa ya saa 17 au ya saa 27, wala si kilomita. Jambo hili ndilo ninalotaka tulijadili, kwa sababu naona watu wengi huchagua tiketi kwa kutazama bei na kuuliza umbali, ilhali hawaulizi lolote kuhusu saa za kungoja.

Mama wa Vitenge, Kenya

Papa wa ramani, asante kwa maelezo haya. Mimi ni mfanyabiashara wa mtaa wa Kenya hapa mjini, na Guangzhou naifahamu, hasa upande wa Xiaobei ambako Waafrika wengi hununua na kufungasha mizigo yao. Nina jambo moja ambalo limekuwa likinisumbua kwenye tiketi. Inaandikwa, kwa mfano, kwamba unaondoka Lubumbashi saa 13:00 na unafika Guangzhou kesho yake saa 14:45. Mtu akihesabu kwa vidole anapata saa 25 na dakika 45. Wakati wa kurudi, tiketi inasema umeondoka dakika kumi baada ya usiku wa manane na umefika Lubumbashi siku ileile mchana. Inakuwaje kwenda kuwe zaidi ya siku nzima na kurudi kuwe nusu siku, wakati njia ni ileile? Wasichana ninaowafundisha kazi hii huniuliza swali hilo, na ningependa wapate jibu kamili.

Mchoraramani wa Kampemba

Mama, swali lako ndilo linalowachanganya watu kuliko yote. Kila saa inayoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji husika: saa ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, na saa ya kufika ni ya mji unaofika. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya saa ya msingi ya dunia, Addis Ababa iko saa tatu mbele, na China yote, ingawa ni pana sana, hutumia saa moja tu ya Beijing, ambayo iko saa nane mbele. Kwa hiyo Guangzhou imetutangulia kwa saa sita. Tofauti hii haibadiliki mwaka mzima, kwa sababu sisi hatusogezi saa na wao hawasogezi. Anayekwenda Brussels ndiye anayepaswa kuangalia mwezi, kwani Wabelgiji wakiwa kwenye majira ya kiangazi chao saa yao hulingana na yetu, na wakiwa kwenye majira ya baridi hubaki nyuma kwa saa moja.

Sasa tuuchukue mfano wako kama mfano wa kuhesabia. Unaondoka saa 13:00 ya hapa. Baada ya saa 3 na dakika 45 unatua Addis Ababa, na saa ya kule inaonyesha 17:45, kwa kuwa wametutangulia kwa saa moja. Unangoja hadi 23:30, yaani saa 5 na dakika 45. Unaruka saa 10 na dakika 15, na unapotua, saa ya Guangzhou ni 14:45 ya siku ya pili. Jumlisha: 3:45, 5:45 na 10:15 ni saa 19 na dakika 45. Njia ya mkato ni kuchukua zile saa 25 na dakika 45 ulizohesabu kwa vidole na kuondoa 6. Jibu ni lilelile.

Kurudi unafanya kinyume chake. Ukiondoka Guangzhou 00:10 na kufika Lubumbashi 12:35, vidole vinakuambia saa 12 na dakika 25. Ongeza 6, unapata saa 18 na dakika 25. Wafundishe wasichana wako hivi: unapokwenda mashariki unaondoa tofauti ya majira, unaporudi magharibi unaiongeza. Hata kwa safari ya ndani ya nchi yetu kanuni hii inafanya kazi. Lubumbashi hadi Kinshasa ni kilomita 1,550 hivi, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Anayeondoka Luano saa 14:00 na kuruka saa 2 na dakika 15 atakuta saa ya kiwanja cha N'Djili kule Kinshasa inasema 15:15, naye si kwamba ameruka saa moja na robo.

Mwanafunzi wa Katuba

Shikamooni wazee wangu. Mimi nasoma mwaka wa mwisho wa sekondari na napenda sana mambo ya usafiri wa anga. Swali langu ni hili: kama umbali wa moja kwa moja ni kilomita 10,100, je, tatizo ni kwamba ndege haiwezi kufika bila kuongeza mafuta? Nimesoma pia kwamba mji wetu uko juu sana kutoka usawa wa bahari na kwamba mwinuko huzuia ndege nzito kupaa. Je, hiyo ndiyo sababu ya sisi kukosa ndege ya moja kwa moja?

Mstaafu wa Luano

Marahaba, mdogo wangu. Nimefanya kazi kiwanjani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza, ndege inaweza. Kuna safari ya abiria kati ya Singapore na New York yenye urefu wa zaidi ya kilomita 15,000, ambayo hukaa angani zaidi ya saa 18 bila kutua. Kilomita 10,100 ni theluthi mbili tu ya umbali huo, na ndege za kisasa kama Boeing 787 au Airbus A350 huzifikia bila shida.

Pili, kuhusu mwinuko umesoma vizuri, ila athari yake inahitaji kupimwa. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Bawa linapata hewa pungufu ya kulibeba na injini inapata hewa pungufu ya kuchoma, kwa hiyo ndege inahitaji njia ndefu zaidi ya kukimbilia au inalazimika kupunguza uzito. Joto huongeza tatizo hilohilo. Luano iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Addis Ababa iko juu zaidi, mita 2,300 na kidogo, na huko ndiko athari inakoonekana waziwazi: safari ya kutoka Addis Ababa kwenda Washington kwa miaka mingi imekuwa ikitua mahali njiani kuongeza mafuta, wakati ile ya kutoka Washington, ambako kiwanja kiko chini, huruka hadi Addis Ababa bila kusimama. Umbali ni mmoja, mwelekeo na mwinuko wa kuanzia ndio tofauti. Lakini tazama pia Johannesburg, ambayo iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, yaani juu kuliko sisi. Kutoka huko ndege za abiria huruka moja kwa moja hadi Hong Kong, kilomita 10,700 hivi. Basi mwinuko wa Luano peke yake hauwezi kuwa sababu.

Sababu ni abiria. Ndege ya aina hiyo hubeba watu karibu 300, na ili safari iendelee kuwapo ni lazima ijae, au ikaribie kujaa, si siku moja ya maonyesho bali kila inapoondoka, na irudi ikiwa imejaa vilevile. Lubumbashi haina watu 300 wa kwenda Guangzhou kila siku, wala kila siku mbili. Addis Ababa yenyewe haina. Lakini inakusanya kumi kutoka kwetu, ishirini kutoka Kinshasa, wengine kutoka Lusaka, Harare, Lilongwe, Kigali, Entebbe, na kwa kuwakusanya hao inajaza ndege moja. Hapo ndipo penye jibu la kwa nini tunangoja. Ndege kutoka miji ya Afrika hupangwa zifike Addis Ababa jioni, kwa kupishana, na safari nyingi za kwenda Asia huondoka karibu na usiku wa manane, baada ya wote kufika. Anayewasili wa kwanza humngoja anayewasili wa mwisho. Asubuhi mpango huo hugeuka: ndege za Asia na Ulaya zinafika alfajiri, na zile za kurudi kwenye miji yetu zinaondoka baadaye asubuhi. Ukiuelewa mpango huu utajua kwamba muda wa kungoja wa saa nne, tano au sita ni sehemu ya mfumo, wala haitokani na uzembe wa mtu.

Mwanafunzi wa Katuba

Asante sana, papa. Naomba kuongeza swali moja: umesema umbali mmoja, mwelekeo tofauti. Je, kwa Guangzhou pia kurudi ni tofauti na kwenda?

Mstaafu wa Luano

Ndiyo, na sababu kubwa ni upepo. Juu sana, kwenye kimo cha kilomita kumi na zaidi ambako ndege hizi husafiri, kuna mikondo ya upepo yenye nguvu inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Njia ya Addis Ababa hadi Guangzhou inavuka Ghuba ya Aden na Bahari ya Arabuni, inaingia India karibu na Mumbai, inapita jirani na Kolkata, kisha Myanmar na kusini mwa China. Wakati wa majira ya baridi ya kaskazini, yaani kuanzia Desemba hadi Februari ambapo sisi tuko katikati ya masika yetu, mkondo huo hushuka hadi juu ya kaskazini mwa India, na upepo wake unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ndege inayokwenda China husukumwa, inayorudi hupambana nao. Ndiyo maana ratiba huweka saa 10 na kidogo za kwenda na karibu saa 11 za kurudi, na katika miezi hiyo tofauti inaweza kuwa kubwa zaidi. Ifikapo Julai na Agosti mkondo huo unahamia kaskazini, na juu ya kusini mwa India unatokea upepo mwingine unaovuma kutoka mashariki, hivyo tofauti kati ya kwenda na kurudi hupungua.

Ujue pia kwamba muda unaoandikwa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama kabisa mahali pa kuegesha. Kwa hiyo abiria anayepima kwa saa yake tangu magurudumu kuacha ardhi hadi kuigusa tena atapata muda mfupi kuliko ule wa tiketi, bila ndege kuwa imewahi.

Dereva wa Kasumbalesa

Wapendwa, naheshimu hesabu zenu za angani, lakini mnasahau njia ambayo watu wengi wa kwetu huitumia. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa na kuendelea hadi Ndola upande wa Zambia, unapata kiwanja kipya kilichofunguliwa mwaka 2021, nako kuna ndege za kwenda Addis Ababa, Nairobi na Johannesburg. Mara nyingi tiketi ya kutoka Ndola huwa nafuu kuliko ya kutoka Luano. Kwa nini mtu asiende Ndola?

Mchoraramani wa Kampemba

Yaya, njia hiyo ipo, na kuna wakati inafaa. Ila nayo ihesabiwe yote. Kutoka katikati ya Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni karibu kilomita 90, halafu unapita Chililabombwe, Chingola na Kitwe hadi Ndola, jumla zaidi ya kilomita 200 za barabara, nyingi zake ukiwa nyuma ya malori ya shaba. Mpakani unasimama mara mbili, upande wetu na upande wao, na hakuna anayeweza kukuahidi utakaa pale muda gani. Mtu mwenye busara ataondoka nyumbani alfajiri kwa ndege ya mchana, au atalala Ndola usiku mmoja. Ukiweka gharama ya gari, ya kulala na siku moja ya biashara iliyopotea, sehemu kubwa ya ule unafuu wa tiketi imekwisha. Wewe unayeifahamu barabara kila siku unaweza kuipangilia. Mgeni wa safari hizi simshauri aanzie huko. Jambo moja zuri la njia hiyo ni kwamba Zambia na sisi tuna saa moja, kwa hiyo saa hazimchanganyi mtu.

Mama wa Vitenge, Kenya

Naomba niongeze jambo ambalo wanaume wa ramani hawajaligusa, nalo ni tiketi moja au tiketi mbili. Mwanamke mmoja wa kikundi chetu aliuziwa na wakala safari ya vipande viwili: tiketi ya kwanza ya kampuni moja hadi mji wa kati, na ya pili ya kampuni nyingine kuanzia hapo hadi Guangzhou. Kwenye karatasi muda wa kungoja ulikuwa saa tatu, nao ulionekana mzuri kuliko wa sisi wengine. Ndege ya kwanza ilichelewa. Alipofika, ile ya pili ilikuwa imefunga kaunta. Kampuni ya pili ilimwambia kwamba hakufika kwa wakati. Kampuni ya kwanza ilimwambia kwamba ilimwahidi kumfikisha mji wa kati, na imemfikisha. Mizigo yake ilikuwa imetolewa pale, kwa hiyo alipaswa kupita uhamiaji kuichukua, na viza ya nchi ile hakuwa nayo. Tiketi mpya aliinunua kwa fedha alizotengea bidhaa.

Ukiwa na tiketi moja kwa safari nzima, mizigo huandikwa kutoka Luano hadi Guangzhou, na ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni wajibu wao kukutafutia nafasi kwenye ndege inayofuata. Ninawaomba sana vijana wanaoanza biashara hii: kabla ya kulipa, mwulizeni wakala kama vipande vyote viko chini ya namba moja ya uhifadhi, na kama mizigo inakwenda moja kwa moja. Asipoweza kujibu waziwazi, tafuteni wakala mwingine. Chukueni pia kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Mtu anaweza kukosa ndege kwa kuisahau, na hapo saa zote tunazohesabu hazina kazi.

Mkaaji wa Ibanda, Bukavu

Salamu kutoka Bukavu. Nimefuata uzi huu tangu mwanzo, nami nina swali la kwetu. Mwalimu wa ramani, sisi tuko kaskazini yenu; je, hatuko karibu zaidi na Guangzhou? Na kama tuko karibu, kwa nini jamaa zetu wa Lubumbashi hufika mapema kuliko sisi? Sisi kwa kawaida huvuka mpaka wa Rusizi kuingia Rwanda, na tunapandia ndege Kigali.

Mchoraramani wa Kampemba

Karibu sana, ndugu. Ni kweli mko karibu zaidi. Bukavu hadi Guangzhou kwa njia fupi ya tufe ni kilomita 9,550 hivi, pungufu ya kilomita 550 kuliko sisi. Angani kilomita hizo ni dakika 40 tu. Lakini ninyi kabla ya kupanda ndege mnavuka mpaka, kisha mnapanda basi kupitia msitu wa Nyungwe hadi Kigali, mwendo wa saa sita au zaidi, na kwa kuwa basi haliwezi kuaminiwa kama saa ya ukutani, wengi wenu hulala Kigali. Zile dakika 40 mnazozipata angani mnazilipa mara nyingi ardhini. Anayepata nafasi katika ndege ndogo ya kutoka Kamembe, ng'ambo tu ya mpaka wenu, hadi Kigali, ikiwa kwenye tiketi moja na safari yake yote, huokoa karibu siku nzima, na kwangu mimi hiyo ndiyo nafuu ya kweli kwa mtu wa Bukavu, hata kama inaongeza bei kidogo. Mpaka wa Rusizi mnapaswa kuuhesabia muda wa kutosha vilevile. Saa za Bukavu na Kigali ni moja, kwa hiyo tofauti yenu na Guangzhou ni sita kama yetu.

Mfano wenu unaonyesha nilichokuwa nikijaribu kukieleza tangu mwanzo kuliko mfano wowote wa kwangu. Miji miwili yenye umbali tofauti, na ulio karibu ndio unaochelewa.

Mwanafunzi wa Katuba

Mwalimu, je, ninaweza kujihesabia umbali mwenyewe bila programu ya simu?

Mchoraramani wa Kampemba

Kwa miji iliyo kwenye longitudo zinazokaribiana, unaweza hata bila kalamu. Kila nyuzi moja ya latitudo ni maili 60 za bahari, yaani kilomita 111 na kidogo. Lubumbashi iko nyuzi 11.6 kusini, Johannesburg nyuzi 26.1 kusini, na longitudo zao zinatofautiana kwa chini ya nyuzi moja. Tofauti ni nyuzi 14.5, zidisha kwa 111, unapata kilomita 1,610, nayo iko karibu sana na umbali halisi. Miji iliyo mbali kwa mashariki na magharibi inahitaji hesabu ya pembe za tufe, ambayo mwalimu wako wa hisabati anaweza kukuonyesha kwa sini na kosini. Ukishaijua, jaribu Lubumbashi na Brussels. Unapaswa kupata kilomita 7,300 hivi.

Mama wa Vitenge, Kenya

Wazee wangu, nimalizie na jambo langu la sasa. Nakwenda kwenye maonyesho ya Oktoba, na wakala amenipa nafasi mbili, zote kwa tiketi moja kupitia Addis Ababa. Ya kwanza ina saa 1 na dakika 10 za kubadilisha ndege, na safari yote ni saa 15 na kidogo. Ya pili ina saa 5 na nusu za kungoja, na safari yote ni saa 19 na nusu. Bei ni ileile. Nina miadi ya kiwandani asubuhi inayofuata siku ya kufika. Mnanishauri nini?

Mstaafu wa Luano

Mama, chukua ya pili. Saa 1 na dakika 10 hutosha pale tu ambapo ndege ya kwanza inafika kwa dakika yake. Katikati ya Oktoba mvua zetu huwa zinaanza, na mawingu ya ngurumo ya alasiri yanaweza kuizuia ndege kutua Luano kwa nusu saa au zaidi. Ndege ikichelewa kutua inachelewa pia kuondoka, na muda wako wa kubadilisha ndege umekwisha kabla hujafunga mkanda. Hata wewe ukikimbia na kuiwahi ya pili, sanduku lako huenda lisiwahi. Ukiikosa, watakutafutia nafasi bila malipo kwa kuwa ni tiketi moja, lakini nafasi hiyo inaweza kuwa ya usiku unaofuata, na wiki ya maonyesho viti huwa vimejaa. Miadi yako ya kiwandani itakuwa imepita.

Mchoraramani wa Kampemba

Nakubaliana na mstaafu. Kwa hesabu ya ile ya pili, ukiondoka Luano saa 13:00 utafika Guangzhou kesho yake saa 14:30 ya kule, ambayo ni 08:30 ya hapa. Utakuwa na jioni na usiku mzima wa kupumzika kabla ya miadi. Ukipiga simu nyumbani baada ya kupata chumba, saa kumi na mbili jioni ya kule, huku kutakuwa saa sita mchana, na watoto watakuwa wanakaribia kutoka shule.

Mama wa Vitenge, Kenya

Nimeelewa. Namwambia wakala leo hii aandike ya pili, na nitamwomba anionyeshe namba moja ya uhifadhi kabla ya kulipa.